Mwaka Jiko Letu Lilipohamia Ofisi ya Kijiji

Mche wa maharage uking'olewa kwenye tope la bondeni una harufu yake. Sisemi harufu ya maharage yanayochemka, hiyo kila mtu anaijua. Nasema harufu ya udongo mweusi uliolala chini ya maji mwaka mzima, imechanganyika na ubichi wa majani, na ndani yake kuna kitu kama chuma kilichoshika kutu. Juzi nilikuwa natoka shuleni ninakofundisha, hapa mjini Kasulu, mama mmoja akanipita na mzigo wa miche ya namna hiyo kichwani, mizizi bado inamdondoshea tope mgongoni. Nikasimama palepale. Wanafunzi waliokuwa nyuma yangu nao wakasimama, wakidhani mwalimu ameona nyoka.

Nilikuwa nimemwona mama yangu, alivyokuwa nilipokuwa darasa la tano, mikono imejaa tope hadi kwenye viwiko, na uso ambao sisi watoto wake tukiuona tulikuwa tunatafuta kazi ya kufanya mbali na nyumbani.

Kijiji chetu kiko upande wa Titye, kwenye mgongo wa mlima. Kiangazi kikiingia, mlima wote hugeuka rangi ya ngozi ya mbuzi, vumbi linapanda hadi kwenye kope, na watu wanakula ugali wa muhogo na chochote kilichobaki. Lakini chini bondeni kulikuwa kijani mwaka mzima. Huko ndiko akina mama walikoinua matuta marefu na kupanda maharage wakati mlimani hakuna hata jani. Maharage yale yalikuwa chakula cha miezi migumu, na zaidi ya hapo yalikuwa mbegu. Mvua za kwanza zikidondoka, kila nyumba ilichukua maharage ya bondeni na kwenda kuyapanda mlimani. Aliyekosa ya bondeni alizunguka na bakuli kuomba kwa majirani, na kila mtu alimwona akizunguka.

Mama alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alitembea kama anayewahi jambo hata alipokuwa anakwenda kuchota chumvi. Matuta yake yalikuwa ya juu kabisa bondeni, karibu na chanzo cha maji, kwa sababu bibi yangu alilima hapohapo kabla yake. Baba alikuwa mrefu na mpole, mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Alikuwa na koti moja la vikao, la kahawia, ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Baba alipenda mambo mawili: koti lile, na bomba la maji.

Bomba lilikuwa jipya. Mradi ulipokuja, baba alikuwa miongoni mwa waliochimba mtaro kutoka chanzo hadi juu kijijini, na siku maji yalipotoka kwa mara ya kwanza alinawa uso mbele ya watu kama anayebatizwa. Na mimi, niwaambie ukweli, nililipenda bomba kuliko baba. Kabla yake nilishuka bondeni na ndoo kila alfajiri na kupanda nayo mlima huku maji yakinimwagikia shingoni. Kwa hiyo mwaka huo maji ya bomba yalipoanza kutoka na tope, rangi ya chai ya maziwa, niliogopa. Niliiona ndoo yangu ya zamani nyuma ya nyumba ikinitazama.

Watu wakaanza kusema tope linatoka kwenye matuta ya juu. Kisha likaja agizo kutoka wilayani kwamba kilimo karibu na vyanzo vya maji ni marufuku, na mazao yaliyopo yafyekwe. Halmashauri ya kijiji ikakaa, ikapitisha. Mama hakuambiwa na mtu wa halmashauri. Aliambiwa na Mama Elia, jirani yetu, walipokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Jioni ile mama aliweka chakula, akasubiri baba amalize kunawa mikono, ndipo akasema.

"Baba Tereza, leo mashineni nimesikia habari za shamba langu."

Baba akakohoa. "Nilikuwa nataka nikwambie."

"Lini? Wakishafyeka?"

"Ni agizo la wilaya, Mama Tereza. Chanzo kinajaa tope. Maji si unayaona mwenyewe?"

"Nayaona. Nauliza jambo moja tu. Mkono ulinyoosha?"

Baba akawatazama kuku waliokuwa wanaingia bandani, kama vile mmoja wao angemjibia.

"Ulinyoosha au hukunyoosha?"

"Nilinyoosha."

Mama akasema, "Haya." Akamega ugali, akala, na tangu dakika ile hakumsemesha tena. Yaani hakumsemesha yeye. Maneno yote ya nyumba ile yalianza kupitia kwangu. Walikaa uani, wameachana hatua chache, mama anasema, "Tereza, mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari," na baba, ambaye masikio yake hayakuwa na tatizo lolote, ananitazama akingoja niseme. Nikisema, anajibu, "Mwambie mama yako asante." Mdogo wangu Deo aliona ni mchezo, akataka naye apewe zamu.

Moyoni nilikuwa upande wa baba. Niliona mama anagombana na bomba, na anayegombana na bomba alikuwa anagombana na shingo yangu.

Kesho yake mama alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, nami nikamfuata kwa sababu hakunikataza. Mtendaji alikuwa kijana aliyeletwa kutoka mbali, mwenye adabu, asiyejua neno la Kiha zaidi ya "mwakeye", salamu ya asubuhi, ambayo yeye aliitoa asubuhi, mchana na jioni. Alimwamkia mama shikamoo na kumpa kiti. Mama hakukaa.

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki yako hupita barabara ya juu kila asubuhi. Kutoka pale bonde lote unaliona?"

"Naliona, mama."

"Ulituona tukiinua matuta?"

"Niliwaona."

"Ulituona tukipanda?"

"Niliwaona, mama."

"Tena ukatupungia mkono."

Mtendaji akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Nilipunga."

"Sasa, siku zile agizo lilikuwa halijazaliwa, au ulikuwa unatusindikiza tu?"

Kijana wa watu alieleza kwamba agizo si lake, kwamba naye anasimamiwa, kwamba maji ni uhai. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba maharage yale hayajakauka, maganda ndiyo kwanza yanajaa. Wakiyafyeka sasa, mvua zitakuja na kijiji hakitakuwa na mbegu. Akaomba wayaache yakomae. Mtendaji akasema hana mamlaka hayo. Mama akauliza ni nani anayo, naye akaanza kupanga karatasi zake mezani.

Siku ya kufyeka, akina mama waliingia bondeni kabla jua halijatoka mlimani, wakiwa na watoto migongoni, na kila mmoja akasimama katikati ya matuta yake. Sisi watoto wa shule tuliagizwa tuende shule. Hatukwenda. Tulikaa juu ya kingo za bonde, miguu inaning'inia, tukawaona mgambo wakishuka na mapanga, nyuma yao mtendaji, mwenyekiti, na baba yangu ndani ya koti lake la kahawia.

Mkuu wa mgambo alikuwa Elia, mtoto wa Mama Elia. Kijana mkubwa, mcheshi, aliyewahi kunitengenezea kigari cha mabua. Mtendaji akamwelekeza aanze na matuta ya juu, yaliyo karibu na chanzo. Matuta ya mama.

"Elia," mama alisema, "nakuona, mwanangu."

"Mama Tereza, nisamehe. Nimetumwa."

"Najua umetumwa. Fyeka, lakini nitazame."

Elia akainama, hakumtazama, akafyeka. Sauti ile ninayo bado. Miche ya maharage mabichi haikatiki kwa mlio mkubwa. Inakatika kwa sauti ya maji, kama mtu anayetafuna tango. Alimaliza tuta zima. Hakuna mwanamke aliyepiga kelele. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Elia aliposogea tuta la pili, mama yake alitoka kwenye matuta yake, akamfuata kwa miguu iliyojaa tope, akanyoosha mkono.

"Lete hilo panga."

"Mama, niko kazini!"

"Kazi endelea nayo. Panga ni langu, la kukatia kuni. Serikali ikupe lake."

Watu wakacheka, hata mgambo wengine wakacheka, na ikaonekana kwamba mapanga mengi pale yalikuwa ya mama zao au wake zao. Wanawake wakaanza kuyadai moja moja. Yoo, mliwahi kuona jeshi likinyang'anywa silaha na wapishi? Mtendaji akapandisha sauti, akasema watarudi kesho na mapanga mengine, na yeyote atakayezuia atapelekwa mbele ya sheria. Hakuwa anatania. Baadhi ya akina mama waliinamisha vichwa, na mmoja akaanza kumkaza mtoto mgongoni ili aondoke.

Mama alikuwa amepiga magoti anakusanya miche iliyofyekwa. Aliinuka na fungu kubwa kifuani, tope likimchuruzika hadi kwenye kitenge.

"Wachache wenye nguvu wabaki kulinda," alisema. "Sisi wengine twende ofisini. Kesho wasije kutukuta hapa tumechoka. Waliamulia pale, tukakae pale."

Hivyo ndivyo jiko letu lilivyohamia ofisi ya kijiji. Akina mama walitafuta mawe, wakapanga mafiga uwanjani, upande wa dirisha la mtendaji, wakaketi kwenye baraza wakapukuchua yale maharage mabichi, na sufuria zikapanda. Hawakuimba, hawakubeba bango. Walipika. Moshi uliingia dirishani kama mgeni aliyealikwa. Mtendaji akatoka anakohoa.

"Mama zangu, hapa ni ofisi. Hairuhusiwi kupika."

"Hata sisi tulishangaa," mama akamjibu. "Ofisi inayoamua habari za chakula haina hata sufuria. Karibu, yanakaribia kuiva."

Walikuwa na ombi moja tu: uitishwe mkutano mkuu wa kijiji, watu wote, si wajumbe peke yao. Mpaka uitishwe, wangepika hapo, wangekula hapo, na kwenye nyumba zao hakuna moto utakaowashwa. Usiku walirudi kulala nyumbani. Asubuhi walikuwa wameshabeba sufuria tena. Mgambo hawakurudi bondeni, maana hakuna aliyepewa panga nyumbani kwake.

Nyumba zikawa baridi. Sisi watoto tulifurahi, kwa sababu tukitoka shule tulikula ofisini kwenye sufuria yoyote tuliyoipenda, na wali wa Mama Elia ulikuwa na karanga. Wanaume ndio walioteseka. Wengine walikuja mapema, wakiwa wamebeba sahani na sura ya kusingizia wanapita tu. Baba hakuja. Alijaribu kusonga ugali mwenyewe. Ulitoka na mabonge kama mawe ya mtoni, juu mbichi, chini umeungua. Aliutazama kwa muda mrefu, akampa mbwa, na mbwa naye akafikiri kwanza. Baada ya hapo baba alikula mihogo ya kuchoma, asubuhi na jioni, akiwa amekaa peke yake mlangoni. Nilimwonea huruma. Nilimpelekea bakuli la maharage nikilificha chini ya khanga. Akalikataa.

"Mwambie mama yako nimeshiba," alisema.

Nikamwambia mama. Akaendelea kukoroga. "Mwambie baba yako simtumii chakula. Anajua kilipo."

Sasa niliacha kuelewa nilikuwa upande wa nani.

Baba alikuja mchana mmoja, jua kali. Alivaa koti. Alikuwa na sahani ya bati mkononi, na uwanja mzima ukageuka kumtazama alipoingia, maana alikuwa mjumbe wa kwanza kuja. Alisimama mbele ya mafiga ya mama.

Mama akanitazama mimi. "Tereza, mwambie baba yako karibu. Na umwambie haya ni ya lile tuta lililofyekwa. Ndiyo ya mwisho."

Nilifungua mdomo nimweleze, baba akainua mkono kunizuia.

"Nimesikia, Mama Tereza," alisema, akimtazama yeye. "Nipakulie."

Alikula akiwa ameketi chini, kwenye vumbi, na koti lake la vikao. Alikula polepole, yale maharage mabichi, laini, ambayo hayakupata nafasi ya kuwa mbegu. Alipomaliza alinawa, akaingia ofisini. Mwenyekiti na mtendaji walikuwa ndani. Kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, tulisikia kila kitu.

"Mimi ni miongoni mwa walionyoosha mkono," baba alisema. "Mke wangu alikuwa nyumbani, hatua chache tu, na sikumuuliza. Kila mmoja wetu alifanya hivyo. Itisheni mkutano."

"Mzee, agizo la wilaya haliwezi kusubiri," mtendaji akasema.

"Basi andika kwamba mjumbe mmoja amekataa. Andika jina langu."

Kisha mwenyekiti, ambaye mkewe alikuwa palepale uwanjani na mwiko mkononi, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kula mihogo, "Jamani, tuitishe tu."

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Watu walijaa hadi kwenye magoli. Walisema wenye hasira na bomba, walisema wenye hasira na matuta, na mzee mmoja akaanza habari za mipaka ya babu yake hadi akaombwa akae. Mama aliposimama nilitegemea ataunguruma. Hakuunguruma.

"Maji yana tope, ni kweli," alisema. "Nami nayanywa. Tungeulizwa kabla ya kupanda, tungesema la kufanya. Hatukuulizwa. Sasa nasema: maharage yaachwe yakauke, tupate mbegu. Tukishavuna, twende wote bondeni tukaweke mpaka, na atakayeuvuka baada ya hapo, mumfyekee na mimi nitashika panga."

Mikono ilinyooshwa mingi mno. Mtendaji alikubali kupeleka maamuzi wilayani, na kumbe hata huko hakuna aliyetaka kugombana na kijiji kizima kwa ajili ya muda wa maharage kukauka. Mavuno yakavunwa. Mbegu zikapatikana, pungufu ya tuta moja.

Kisha wakaenda kuweka mpaka. Walitembea pamoja, baba na mtendaji na akina mama, wakabishana kila penye jiwe, wakapanda miti kuzunguka chanzo. Mpaka ulipopita, matuta ya wanawake wengi yalibaki upande wa kulima. Ya mama yote yalibaki upande wa maji. Yote, hata lile alilolianzisha bibi. Mwenyekiti alipouliza nani anakubali mpaka huu, mama alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Nililia njia nzima ya kurudi. Nilikuwa na hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa. "Mama, umewashinda halafu umewapa shamba!"

Hakuacha kutembea. "Nimewapa," alisema. "Hawakuninyang'anya."

Niliona ni maneno ya mtu aliyeshindwa anayejifariji. Msimu uliofuata alilima kipande kidogo, cha kuazima kwa Mama Elia, na miaka miwili mitatu tulikuwa sisi tunaozunguka na bakuli la kuomba mbegu. Nilizunguka nalo mimi. Hakuna aliyetunyima, lakini njia ilikuwa ndefu.

Ilinichukua miaka mingi kutofautisha kutoa na kunyang'anywa. Mtoto anaona shamba limekwenda, basi. Nimekuwa mtu mzima nikaona maagizo mengi yakipanda milima hii: pandeni hiki, ng'oeni kile, msiuze hapa, changieni pale. Mengine ni mema, kama lile la maji lilivyokuwa jema. Lakini nimeona pia watu wanavyotendewa jema bila kuulizwa, wanavyoinama kidogo kila mara, hadi siku moja wanasahau kuinuka. Mama hakuwa adui wa bomba hata siku moja. Alikataa kuinamishwa, na kwa kukataa kule alilipa shamba lake zima, akijua.

Mwaka huu, kwenye kikao cha walimu, tuliambiwa imeshaamuliwa kwamba kila mzazi alete debe la mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha wanafunzi, mwezi uleule ambao nyumba nyingi hubakiwa na mbegu tu. Chakula cha shule nakitaka, watoto wanasinzia kwa njaa mbele yangu kila siku. Nikasimama, nikauliza wazazi wameitwa lini. Mkuu wa shule akasema, kwa upole kabisa, "Mwalimu Tereza, unatuchelewesha."

"Ndiyo, mkuu," nikamjibu. "Nawachelewesha."